Tuingie, au Turudi Nyumbani?





Jumanne iliyopita kamati ya maandalizi ilifika ofisini kwangu. Kama mjuavyo, shemasi wetu, aliyezaliwa na kukulia katika parokia hii, anatazamia kupewa Daraja Takatifu ya Upadre, na sisi sote tumekwisha kuanza kuchangia. Mwenyekiti alinikabidhi makisio ya matumizi. Niliyasoma mstari kwa mstari: mahema, viti, mchele, ng'ombe, mpiga picha. Nilipofika kwenye mstari wa vinywaji nikasimama. Fungu la bia lilizidi fungu la chakula. Mweka hazina aliponiona nimenyamaza alisema kwa heshima, "Baba Paroko, sherehe bila kinywaji watu watatusema." Sikumjibu siku ile. Nilimwomba angojee tafakari ya juma hili, na ndiyo hii. Naomba mnivumilie, maana jibu langu linaanzia mbali, katika ukumbi wa bia huko Ujerumani, ambako nilikula chakula cha mchana siku moja ya mwezi Agosti, mwaka 2018.

Wakati ule nilikuwa masomoni Roma. Mapadre wengi wa Afrika wanaosoma huko hutumia likizo ya kiangazi kusaidia parokia za Ujerumani, wakati maparoko wenyeji wanapokwenda kupumzika. Mimi nilipelekwa katika parokia moja ya vijijini huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, karibu na ziwa liitwalo Ammersee. Kwa sisi tuliozaliwa kusini mwa Tanzania, eneo lile lina historia inayotugusa. Magharibi ya ziwa hilo iko abasia ya St. Ottilien, nyumba mama ya wamisionari Wabenediktini. Shirika lao lilianzishwa na Padre Andreas Amrhein mwaka 1884. Wamisionari wake wa kwanza walifika Dar es Salaam mwaka 1888 na kuanza kazi Pugu; miaka kumi baadaye, mwaka 1898, wakafungua Peramiho. Bibi yangu mzaa baba alibatizwa na mmoja wa wamonaki hao. Hivyo nilijiona kama mjukuu aliyekwenda kutazama kijiji cha babu zake katika imani.

Kijerumani changu kilitosha kusoma Misa na kuomba mkate. Jumapili ya kwanza nilihesabu waamini arobaini na mmoja katika kanisa linaloweza kuchukua watu mia tatu, na wengi wao walikuwa wazee. Nilihuzunika, lakini wachache wale walinipokea kwa wema mkubwa. Familia moja ilinialika kutembea nayo siku ya Jumamosi. Walikuwa babu na bibi, binti yao, mume wa binti, na watoto watatu, mdogo akiwa na umri wa miaka minne. Binti yule alikuwa mwalimu wa Kiingereza, akawa mkalimani wangu. Waliniambia, "Tutakupeleka Andechs. Tutasali kwanza, kisha tutakula."

Andechs ni monasteri ya Kibenediktini iliyojengwa juu ya kilima ambacho wenyeji hukiita Mlima Mtakatifu. Tuliacha magari huko Herrsching, mji mdogo ulio kando ya ziwa, tukapanda kwa miguu njia ya msituni kama wafanyavyo mahujaji. Ni mwendo wa karibu saa moja. Njiani ndipo binti yule aliponieleza kwamba tutakula katika ukumbi wa bia wa monasteri yenyewe, kwa sababu wamonaki wa Andechs wana kiwanda chao cha bia. Nilidhani sikumwelewa. Nikauliza, "Na watoto je?" Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Watoto ndio waliochagua mahali."

Wapendwa, ili muelewe nilivyoshtuka, sina budi kuwaambia kitu kuhusu nyumba niliyokulia. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwenye mwandiko mzuri na akili nyingi. Jioni alikuwa kilabuni. Msimu wa ulanzi ulipofika hatukumwona kabisa. Mama alikuwa akipakua ugali, kisha ananiambia, "Nenda kamwite baba yako, mwambie chakula tayari." Nilikwenda nikasimama mlangoni pa kilabu, kwa maana watoto hatukuruhusiwa kuingia. Ndani kulikuwa na giza, moshi na vicheko. Baba alitoka, akanipa peremende, akasema anakuja. Chakula chake kilifunikwa kwa sahani nyingine, na asubuhi kilikuwa pale pale. Mpaka leo, nikijaribu kukumbuka sura ya baba yangu akila pamoja nasi, napata siku chache sana. Kwa hiyo katika fikra zangu pombe na watoto vilikuwa pande mbili za mlango mmoja, na mimi nimesimama katikati.

Basi tulifika juu. Tuliingia kwanza kanisani. Ni kanisa la hija la tangu zamani, ambalo katika karne ya 18 lilipambwa upya kwa mtindo wa rokoko, likajaa dhahabu, malaika na michoro ya dari. Aliyeongoza kazi hiyo ni Johann Baptist Zimmermann. Mtunzi wa muziki Carl Orff, aliyefariki mwaka 1982, amezikwa humo. Monasteri ilianzishwa mwaka 1455 na Albrecht wa Tatu, mtawala wa Bavaria. Mwaka 1803 serikali ya Bavaria ilizifunga monasteri na kutwaa mali zake, na Andechs ikawa miongoni mwao. Baadaye mfalme Ludwig wa Kwanza aliinunua, na mwaka 1850 akaikabidhi kwa abasia yake mpya ya St. Bonifaz iliyoko mjini München, ili mashamba na kiwanda cha bia viitegemeze. Mpaka leo wamonaki wa München na wa Andechs ni jumuiya moja.

Tulisali, tukawasha mishumaa, tukatoka. Karibu na mlango wa ukumbi, yule mkwe na babu walisimama kando kidogo. Mkwe alimwuliza mzee neno moja, mzee akatafakari, akatikisa kichwa kukubali, wakaungana nasi. Nilidhani wanapatana nani atalipa. Naomba mlikumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Tukaingia. Ukumbi ule una meza ndefu za mbao na mabenchi, na nje kuna baraza kubwa linalotazama mashamba na misitu. Watu hukaa meza moja hata kama hawajuani. Unauliza tu kama pana nafasi, nao wanajisogeza. Hakuna mhudumu wa kukuletea. Kila mtu huchukua sinia na kupanga foleni mbele ya madirisha. Dirisha moja lina nyama, lingine mikate na jibini, lingine vinywaji. Nyama inayosifiwa hapo ni mguu wa nguruwe uliookwa mpaka ngozi yake inavunjika kwa sauti chini ya kisu. Nilipowaeleza kwamba kwetu nyama hiyo huitwa kitimoto, watoto walilipenda neno hilo, wakalirudia mpaka tukaondoka. Tulikula pia madonge ya viazi, kabichi iliyochachushwa, figili nyeupe iliyokatwa nyembamba na kutiwa chumvi, na mikate mikubwa ya kahawia iliyopindwa kama fundo, iitwayo Brezn. Mtoto wa miaka minne aliuvaa wake mkononi kama bangili kabla ya kuula.

Na bia yenyewe? Kipimo cha huko huitwa Maß, nacho ni lita moja kamili katika bilauri nene ya kioo yenye mkono. Kiwanda kiko chini ya kilima. Mkwe alinieleza jinsi inavyopikwa. Shayiri hulowekwa mpaka iote, kisha hukaushwa na kuwa kimea. Kimea husagwa, huchanganywa na maji ya moto, maji yake huchujwa na kuchemshwa pamoja na maua ya hopsi yanayotia uchungu. Yakishapoa hutiwa chachu, na kinywaji huachwa kikomae katika baridi kwa majuma kadhaa. Bavaria ilikuwa na sheria ya mwaka 1516 iliyosema bia itengenezwe kwa maji, shayiri na hopsi tu, na watu wa huko wanajivunia sheria hiyo mpaka leo. Aliposema "kimea" nilimkumbuka mama, ambaye alituotea ulezi nyuma ya nyumba kwa ajili ya togwa. Kimea kile kile humlisha mtoto, na kikiachwa siku za kutosha humlevya baba yake.

Tulipofika dirisha la vinywaji, mkwe aliniuliza, "Padre, utapenda nini? Kuna bia, kuna maji, kuna juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi." Nikachagua juisi. Nilijiandaa kwa yale niliyoyazoea kwetu: "Padre, hata kidogo?" "Padre, unatudharau?" "Padre, Yesu mwenyewe alitengeneza divai!" Nikawa nimekwisha kutunga majibu kichwani. Hakuna aliyeniuliza. Mkwe aliagiza juisi yangu, juisi za watoto, bia yake ya nusu lita, bia ya mkewe, maji ya bibi, na juisi nyingine ya tufaha kwa ajili ya babu. Nilifikiri mzee amechagua juisi ili nisijisikie peke yangu, nikamshukuru moyoni.

Tukasali sala ya chakula kwa sauti ya kawaida, nao waliokaa mwisho wa meza yetu, watu tusiowajua, wakafanya ishara ya msalaba pamoja nasi. Tukala. Wapendwa, yale niliyoyaona pale sikuyatarajia. Pembeni yetu baba mmoja alimkatia nyama mwanawe huku bilauri yake ikiwa nusu. Mama mmoja alimnyonyesha mtoto. Bibi wawili walicheza karata. Watoto walikimbia kati ya meza, na kila mtu mzima alionekana kujiona ana wajibu wa kuwaangalia. Baba wale walikuwa wanakunywa mbele ya watoto wao, mchana, mahali penye mwanga, na mke akiwa ameketi ng'ambo ya meza. Nilijiuliza: laiti kilabu cha kijijini kwetu kingekuwa na madirisha, na mama angekuwa ameketi humo, na mimi nimepewa kiti, je, baba angekunywa vile alivyokunywa?

Lakini sitaki kuwapaka rangi picha nzuri kuliko ilivyo. Meza ya mbali kidogo vijana kadhaa walikuwa wamekwisha kulewa, wakaimba kwa kelele, na mmoja wao alishikwa mkono kwenda nje. Monasteri hiyo hupika pia bia nyeusi yenye kilevi cha zaidi ya asilimia 7, kali kuliko bia zetu za kawaida. Lita moja ya bia ile si mchezo. Mwanga na watoto havimkingi kila mtu. Jambo hilo sikulijifunza kwa kuwatazama vijana wale. Nililijifunza kwa yule babu.

Rafiki yake mmoja wa zamani alipita akiwa na bilauri ya lita moja, akaketi nasi. Akagonganisha bia yake na juisi ya mzee kwa furaha, wakatakiana afya, wakazungumza juu ya mavuno. Hakusema neno juu ya juisi ile. Alipoondoka, nilimwambia mzee kupitia binti yake, "Asante kwa kunywa juisi pamoja nami." Binti akasita kutafsiri, akamtazama baba yake. Mzee akatabasamu, akajibu bila aibu yoyote, na binti akanifasiria polepole: "Padre, sikufanya hivyo kwa ajili yako. Nina miaka ishirini na miwili sijaonja. Mimi ni mgonjwa wa pombe."

Alinieleza kwamba alianza kunywa akiwa kijana mwanagenzi wa useremala. Wazee walimwambia bia ni mkate wa kimiminika. Msemo huo ni wa kawaida huko Bavaria. "Nilikunywa mkate," akasema, "mpaka watoto wangu wakakosa mkate." Aliacha kwa msaada wa kikundi cha Kreuzbund, chama cha Wakatoliki kilichoanzishwa mwaka 1896, ambacho huwakutanisha wagonjwa wa pombe pamoja na jamaa zao ili wasaidiane kuacha. Alikuwa bado anahudhuria kikundi chake kila juma, baada ya miaka yote ile.

Nikamwuliza swali ambalo hata ninyi mngeliuliza: kwa nini basi anakuja mahali kama pale? Akajibu kwamba kwa miaka sita hakuja, na familia nzima haikuja. Wakitaka kula nje, walikwenda mahali pasipo na bia. Baadaye wajukuu walizaliwa, naye akajiona ana nguvu, akawaambia, "Mnaweza kwenda, nami nitakuja." Lakini wenzake wengi katika kikundi hawathubutu kabisa kukanyaga ukumbi wa bia, na wanafanya vema. Hakutaka mtu amwige. Kisha akamwonyesha mkwe wake kwa kidole. "Huyu," akasema, "kila tunapokuja, pale mlangoni huniuliza: leo tuingie, au turudi nyumbani? Mara mbili nilimwambia turudi. Tukarudi sote, watoto pia. Tukala viazi nyumbani, na hakuna aliyenikumbusha jambo hilo baadaye."

Hapo nikaelewa neno lile nililodhani ni la malipo. Nikaweka uma chini. Nilisingizia jua, nikatoka nje nikasimama peke yangu, kwa sababu machozi yalikuwa yamenijia.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema mimbarani. Mwezi Novemba mwaka 2007 daktari alimwonya baba yangu kwamba ini lake limeharibika. Baba aliacha pombe. Aliacha kabisa, miaka miwili na miezi minane. Jioni aliketi chini ya mparachichi ulio mbele ya nyumba, akasahihisha madaftari ya wanafunzi. Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Ila ukweli mwingine ni huu: hakuna aliyekuja kuketi naye. Rafiki zake wote walikuwa kilabuni. Hata wanajumuiya, baada ya sala ya jumuiya, walimsalimu kwa haraka wakapita kwenda huko huko. Kiti cha pili chini ya mparachichi kilibaki kitupu. Mimi nilikuwa seminarini, niliandika barua za kumpongeza, na nilipokuja likizo nilikuwa na shughuli nyingi za kanisa.

Nilipewa upadre mwezi Julai mwaka 2010. Siku ya Misa yangu ya shukrani, kijiji kizima kilikuja. Baba na mama waliketi nami meza kuu, baba akiwa amevaa suti ya kwanza maishani mwake. Ukafika wakati wa kugonga glasi. Mshereheshaji akasema kwa kipaza sauti kwamba haiwezekani baba mzazi wa padre apewe soda siku kama ile. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakaimba. Mtu akamwekea baba glasi mkononi. Baba hakuinua glasi mara moja. Alinigeukia mimi. Alinitazama kitambo, kama mtu anayengoja kuambiwa kitu.

Nami nikatazama keki.

Ningeweza kusema neno moja tu. Nilikuwa padre wa siku mbili, na mshereheshaji angenitii hata kama ningenong'ona. Lakini niliogopa kuonekana najivuna, niliogopa kuwaaibisha wageni, niliogopa watu watatusema. Baba akanywa. Jioni ile alikunywa tena. Juma lililofuata alikuwa kilabuni. Alifariki mwaka 2014, na niliadhimisha Misa ya mazishi yake mimi mwenyewe. Nimekwisha kuungama dhambi hiyo, na naamini Mungu amenisamehe. Najua pia kwamba baba alikuwa mtu mzima mwenye hiari yake, na kwamba ugonjwa ule ungeweza kumrudia hata bila glasi ile. Lakini naijua sura yake alipogeuka. Alikuwa ananiuliza swali ambalo mimi nilipaswa kumwuliza yeye mlangoni: tuingie, au turudi nyumbani?

Wapendwa waamini, Kanisa halijawahi kufundisha kwamba bia ni dhambi. Kitabu cha zamani cha ibada za Kirumi kina hata sala ya kubariki bia. Bwana wetu alikwenda arusini Kana, na mabalasi sita ya maji yakawa divai. Mtakatifu Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Maandiko haya tunayajua sana, hasa nyakati za sherehe. Lakini Paulo huyo huyo, akiwaandikia Warumi katika sura ya 14, anafundisha kwamba ni vema kuacha nyama na divai kama vinamkwaza ndugu. Sijasikia mshereheshaji yeyote akilikumbuka hilo.

Tena, tuwatazame wamonaki wenyewe. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, aliweka kipimo kidogo cha divai kwa kila mmonaki kwa siku. Aliandika kwa kusitasita, kwa kuwa hakupenda kuwapimia wengine, na aliwafikiria walio dhaifu. Papo hapo akaongeza kwamba wale waliojaliwa na Mungu kujinyima kabisa watapata thawabu yao. Katika sura moja, anayekunywa kwa kiasi na asiyekunywa kabisa wote wamepewa nafasi mezani. Na wamonaki wa St. Bonifaz, ambao Andechs ni sehemu ya jumuiya yao, wana nyumba mjini München iitwayo Haneberghaus, inayowapa watu wasio na makazi chakula, nguo na matibabu. Mapato ya Andechs husaidia kuitegemeza kazi hiyo. Nilipoambiwa hivyo nilifikiri kwamba baadhi ya wanaopanga foleni pale ni watu ambao pombe iliwatoa majumbani mwao. Wamonaki hao hawajifichi kwamba kinywaji wanachouza kinaweza kumwangusha mtu. Wamemwandalia aliyeanguka meza nyingine.

Tuliporudi kutoka Andechs siku ile, babu alitembea nami nyuma ya wengine. Hatukuwa na mkalimani. Nilimwambia kwa Kijerumani changu kibovu maneno mawili: "Baba yangu... pia." Akaelewa. Akanishika mkono, na tukashuka hivyo mpaka mwisho wa msitu.

Sasa narudi kwa kamati yetu. Jibu langu ni hili. Michango ya waamini haitanunua pombe. Fedha hizo ziongezwe kwenye chakula, wageni washibe. Siku hiyo meza kuu na meza zote zitagonga glasi kwa togwa, na ninawaomba akina mama wa WAWATA waiandae, maana wanaijua kuliko mimi. Mshereheshaji, yeyote atakayekuwa, aje kwanza ofisini kwangu. Nitamwomba asimwite mtu yeyote kwa jina kuinua glasi. Na kama watu watatusema, waelekezeni kwa paroko.

Jambo la pili ni kubwa kuliko sherehe. Kuanzia Alhamisi ijayo, saa kumi na moja jioni, chumba kidogo kilicho nyuma ya ofisi ya parokia kitakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuacha pombe, au aliyekwisha kuacha na hana wa kuketi naye, au mwenye mume, mke, mzazi au mtoto aliye katika shida hiyo. Hatutaandika majina. Anayehitaji daktari tutampeleka kwa daktari, maana ugonjwa huu unahitaji tiba pamoja na sala. Akija mtu mmoja, tutakuwa wawili, na viwili hivyo ni viti vya kutosha kuanzia.

Na katika jumuiya zetu ndogo ndogo, naomba kila mmoja afikirie jirani mmoja ambaye ameacha pombe hivi karibuni. Mpitie jioni, kabla ya kwenda kwingine. Keti naye. Usimhubirie. Mwulize habari za mahindi yake.

Mwombeeni shemasi wetu, na muwaombee wazazi wake. Mwombeeni pia baba yangu, apumzike kwa amani, nami siku moja niketi naye mezani kwa Bwana.

Nawatakieni Dominika njema na baraka tele.

Wenu katika Kristo,
Paroko wenu